Njia Isiyo na Hati

Picha inayouza safari ya baiskeli Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, haibadiliki sana, iwe imebandikwa ukutani mwa ofisi ya utalii jijini Kampala au imechapwa kwenye kijitabu cha hoteli. Kuna tambarare ya nyasi kavu, kuna mlima wa buluu nyuma yake, na katikati kuna mwendeshaji mmoja juu ya njia nyembamba nyekundu. Hakuna mtu mwingine. Jicho la mtazamaji hukimbilia baiskeli na mlima, wala haliulizi njia ile imetoka wapi. Lakini njia haijichori yenyewe. Imekanyagwa na kwato na nyayo kwa vizazi, na waliokanyaga bado wanaihitaji kesho asubuhi. Hoja yangu ni kwamba Moroto, mji mdogo wa nchi kavu ambao umeanza kutajwa na wapenda baiskeli za milimani, utafaidika na wageni hawa iwapo tu haki ya wenye njia itatambuliwa kabla jina la mji halijakua. Jina likishakua, haki hiyo itagombewa na wenye nguvu zaidi. Na wajibu wa kuanza uko Kampala, kwa kuwa ndiko sheria zinakotungwa na ndiko picha ile inakouzwa.

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Karamoja si jangwa kwa maana kamili, ingawa katika mazungumzo ya Kampala huitwa hivyo. Sehemu kubwa ya eneo hilo hupata kiasi cha milimita 500 hadi 800 za mvua kwa mwaka, na tatizo lake si uchache tu bali ni kutotabirika: mvua inanyesha kwa jirani na kwako haifiki, inakuja Aprili na kutoweka hadi mazao yakauke shambani. Moroto umekaa chini ya mlima wenye jina hilo hilo, mlima wa mita 3,083 uliozaliwa na volkano, na tofauti ya kimo kati ya tambarare na vilele ndiyo inayomvutia mwendeshaji. Chini kuna udongo mwekundu mgumu na mito ya mchanga isiyo na maji kwa miezi mingi. Juu kuna mawe, vichaka, kisha msitu wenye ubaridi. Miiba ya migunga inatoboa tairi bila huruma, kiasi kwamba mwendeshaji anayejua kazi yake hategemei tyubu tupu bali hujaza ndani ya tairi gundi ya majimaji inayoziba pancha papo hapo. Mabondeni kuna udongo mweusi unaonata, ambao ukilowa kidogo tu hushika magurudumu na kuyafunga kabisa. Tangu lami ifike Moroto katika muongo uliopita, safari ya kilomita zipatazo 450 kutoka Kampala, iliyokuwa adha ya siku mbili mvua zikinyesha, sasa inawezekana kwa siku moja. Kampuni za utalii zenye makao Moroto, ikiwemo Kara-Tunga, zimejenga biashara ya kuwatembeza wageni kwa miguu na kwa baiskeli, zikitumia vijana wa huko kama viongozi. Huo ni mwanzo mzuri, na ninayosema hapa hayakusudii kuuvunja.

Sasa tuitazame njia. Wamatheniko wanaoishi kuuzunguka mji, kama Wakaramoja wengine, wana makazi mawili. Kuna ere, boma la kudumu lenye uzio wa miiba, ambamo wanawake, wazee na watoto hukaa na mtama hulimwa. Kuna pia awi, kambi ya mifugo inayohama, inayoendeshwa na vijana na kufuata nyasi na maji. Kati ya hayo mawili, na kati ya kila moja na kisima, bwawa au mto wa mchanga unaochimbwa ili kupata maji, ndiko njia zinakotokea. Ng'ombe hapandi mlima kwa kuukabili uso kwa uso. Huuzunguka kwa mshazari, huepuka jiwe lililolegea, hutafuta mahali pa kuvukia korongo penye kingo za chini. Ndiyo maana njia ya ng'ombe huwa na mteremko mpole na kona zinazofuata umbo la ardhi. Huko Ulaya na Marekani kuna mafundi wanaolipwa kuchora njia za baiskeli zenye sifa hizo hizo. Karamoja kazi hiyo imefanywa na mifugo na wachungaji wake, na haijaandikwa mahali popote kwamba ni kazi. Juu mlimani, Watepeth wana njia zao, zinazoshuka kuelekea masoko na kupanda kuelekea mizinga ya nyuki, mashamba madogo na sehemu za ibada ambazo mgeni hana ruhusa ya kuzikanyaga. Anayeona njia hizi kama uwanja mtupu wa michezo amekosea kuhusu kitu ambacho macho yake yanakitazama.

Linganisha jinsi sheria zetu zinavyogawa mapato ya vitu vingine katika ardhi hiyo hiyo. Mgeni akilipa kiingilio katika hifadhi ya taifa, kama ile ya Bonde la Kidepo, sheria ya wanyamapori inataka asilimia 20 ya kiingilio iende kwa serikali za mitaa zinazopakana na hifadhi. Mwekezaji akichimba mawe, Katiba inasema madini ni ya serikali, na Sheria ya Madini ya mwaka 2003, iliyotumika kwa karibu miaka 20 hadi ilipobadilishwa mwaka 2022, ilimpa mwenye ardhi asilimia 3 ya mrabaha. Mtu anaweza kubishana kama asilimia 20 ni haki au kama asilimia 3 ni dhihaka, na mimi nasema ya pili haikuwa haki hata kidogo. Lakini angalau pana tarakimu, na penye tarakimu mtu anaweza kudai. Njia ya ng'ombe haina fungu lake. Mgeni anayelipa fedha nyingi kwa siku kadhaa za kuendesha baiskeli kuuzunguka Mlima Moroto anamlipa mwenye baiskeli, mwenye kambi, mpishi, na kiongozi wa safari. Iwapo mwenye kambi ana moyo mwema, atapeleka kitu kwa wazee. Hapo mtu wa awi anategemea moyo wa mwingine kwa malipo ya kitu alichokitengeneza yeye.

Mji unaojulikana kuliko yote duniani kwa baiskeli za milimani katika nchi kavu ni Moab, katika jimbo la Utah nchini Marekani, na historia yake inafaa kusomwa Moroto kwa makini, kwa sababu ni historia ya mji ambao haukuchagua kuwa ulivyo. Nchi ile ilikuwa ya Wayute, na Wamormoni waliojaribu kuweka makazi mwaka 1855 walifukuzwa. Walowezi walirudi zaidi ya miaka 20 baadaye na safari hiyo wakabaki. Kwa miongo kadhaa ulikuwa mji wa ng'ombe na matunda. Mwaka 1952 mtafutaji madini aitwaye Charlie Steen aligundua mwamba wenye urani nyingi kusini mwa mji, na katika miaka michache watu wakafurika, barabara za udongo zikachongwa kila upande kuyafuata mawe, na kiwanda cha kusafisha urani kikajengwa kando ya Mto Colorado. Bei ya urani ilipoporomoka, kiwanda kilifungwa mwaka 1984 na watu wakaondoka. Kilichobaki ni lundo la mabaki yenye mionzi, tani zipatazo milioni 16, ambalo serikali ya Marekani ilianza kulihamisha kwa treni mwaka 2009. Kilichobaki pia ni zile barabara na njia. Mwaka 1983, ndugu wawili wa familia ya Groff walifungua duka la baiskeli mjini hapo, wakati ajira za mgodini zilikuwa zimekauka. Juu ya mji kulikuwa na njia ya mwamba mtupu iitwayo Slickrock, iliyochorwa mwaka 1969 kwa ajili ya pikipiki, juu ya vilima vya mchanga wa kale uliogeuka jiwe. Waendesha baiskeli waligundua kwamba tairi linaushika mwamba ule hata kwenye mwinamo ambao mguu ungeogopa. Magazeti ya baiskeli yakaandika, na mji uliokuwa ukifa ukawa na kazi mpya.

Hadi hapo ni habari njema, na watetezi wa utalii wa baiskeli huishia hapo. Lakini hadithi inaendelea. Mji wenye wakazi zaidi kidogo ya elfu tano ulikuja kupokea wageni kwa mamilioni, wengi wakivutwa na Hifadhi ya Taifa ya Arches iliyo jirani, ambayo mwaka 2021 ilipata wageni wapatao milioni 1.8, na mwaka uliofuata ikaanza kuwataka waweke nafasi kwa saa maalumu kwa sababu magari yalikuwa yanaziba lango. Nyumba zikageuzwa za kupangishia wageni kwa usiku, bei ya ardhi ikapanda kupita mishahara, na baadhi ya wanaotandika vitanda hotelini na wanaoongoza misafara ya baiskeli wakajikuta wakilala ndani ya magari. Mwaka 2019 mji na wilaya yake vilisimamisha kwa muda vibali vya nyumba mpya za kulala wageni. Vibali vilisimamishwa baada ya ardhi kuwa imekwisha kuuzwa. Udongo nao ulipata hasara yake. Katika nchi kavu ile uso wa ardhi una ngozi hai ya bakteria na kuvu inayoshikilia mchanga, na gurudumu moja likiikata huweza kuchukua miongo kupona. Ilibidi wenyeji wawafundishe wageni, mmoja baada ya mwingine, wasiiache njia.

Kuna mambo mawili Moab walifanya vizuri, na haya ndiyo ningependa yasomwe zaidi ya mengine. Katikati ya miaka ya 1990, baada ya fujo za wageni waliopiga kambi ovyo katika eneo la Slickrock, serikali ya wilaya na ofisi ya serikali kuu inayosimamia ardhi za umma ziliingia ubia: anayeingia analipa langoni, na fedha hizo zinabaki pale pale kutunza njia, vyoo na kambi. Mgeni anajua analipia nini na mwenyeji anajua fedha ziko wapi. La pili lilitokea mwaka 2020, wakati vipande vya ardhi vilivyopitiwa na njia ya Slickrock vilipopendekezwa kwenye mnada wa vibali vya mafuta na gesi. Wenyeji walipaza sauti, wafanyabiashara wa baiskeli wakapaza sauti, maofisa waliochaguliwa wakaandika barua, na vipande hivyo vikaondolewa kwenye mnada. Jina la baiskeli liligeuka kuwa ngao ya ardhi. Naikubali nguvu hiyo wazi, kwa sababu ni hoja bora kabisa ya upande mwingine. Lakini tazama ngao ilimlinda nani. Iliilinda njia, iliulinda mwamba, iliyalinda maduka. Haikumlinda mpangaji, kwa kuwa mpangaji hakuwa na hati wala nafasi mezani wakati jina lilipokuwa linajengwa. Jina humlinda yule ambaye tayari ana haki iliyoandikwa, na nguvu ya pamoja inapotokea, inapita kwanza kwa wenye karatasi.

Tukirudi Moroto, pingamizi la kwanza ni lile la lori. Wanaotetea utalii wanasema: acheni kuhesabu kwato, angalieni kinachoendelea Rupa na Tapac, humo humo wilayani Moroto. Ni kweli. Marumaru inachimbwa Rupa. Mawe ya chokaa ya Kosiroi, katika nchi ya Watepeth, yamekuwa yakipakiwa kwenye malori kwenda kuwa saruji Tororo. Wanawake na watoto wanavunja kokoto kwa nyundo juani. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti ndefu kuonyesha jinsi kampuni za madini zilivyoingia Karamoja bila kupata ridhaa ya kweli ya wenye ardhi. Ukilinganisha na hayo, baiskeli ni nyepesi, haichimbi, haiachi shimo, na anayeiendesha huondoka na vumbi tu. Nakubaliana na ulinganisho huo, na ndiyo maana nataka baiskeli zije. Ila hoja inayosema "afadhali hii kuliko ile" ina udhaifu: inampa mwenyeji uchaguzi kati ya wageni wawili, haimpi uchaguzi wa kuwa mwenye nyumba. Na zaidi, yote mawili yanasimama juu ya kosa moja. Lori liliingia Kosiroi kwa urahisi kwa sababu kwenye makaratasi ya Entebbe na Kampala ardhi ilionekana haina mtu. Picha ya mwendeshaji peke yake kwenye tambarare inasema jambo hilo hilo kwa lugha ya kupendeza. Kila picha ya namna hiyo inayosambazwa inamsaidia mwenye lori anayekuja kesho kudai kwamba hakukuta mtu.

Karamoja imewahi kulipia sana picha zilizochorwa na wageni. Enzi za ukoloni ilikuwa wilaya iliyofungwa, mtu wa nje haingii bila kibali, na kufungwa huko kukazaa dhana kwamba ndani yake hakuna chochote cha kujua. Mwaka 1962 Bonde la Kidepo lilipotangazwa hifadhi ya taifa, Waik na Wadodoth waliokuwa wakiwinda na kuchunga humo walijikuta nje ya mpaka wa nchi yao wenyewe. Miaka kumi baadaye mwanaanthropolojia Colin Turnbull alichapisha kitabu kilichowaonyesha Waik, waliokuwa katikati ya njaa, kama watu waliopoteza upendo. Wataalamu waliokwenda baada yake walikipinga vikali, lakini kitabu kilikuwa kimeshazunguka dunia. Mpaka ulitangulia, kisha ukafuata umaarufu, na sauti ya wenyewe ikaja mwisho. Huo ndio mpangilio ninaoukataa kwa Moroto.

Pingamizi la pili ni la usalama. Wapo wanaosema mazungumzo ya baiskeli Karamoja ni anasa wakati bunduki zingali msituni. Operesheni ya kunyang'anya silaha ilianza tena Julai 2021 baada ya wizi wa mifugo kurudi kwa nguvu, na Machi 2022 wataalamu watatu wa miamba waliotumwa na serikali waliuawa Lotisan, wilaya ya Moroto, pamoja na wanajeshi wawili waliokuwa wakiwalinda. Hakuna mwandishi mwenye dhamira anayeweza kulipita hilo haraka. Hali imetulia kwa kiasi kikubwa tangu hapo, lakini utulivu wa Karamoja umewahi kuja na kuondoka. Ninachosema ni kwamba tukio la Lotisan linaunga mkono hoja yangu. Wale wataalamu walikuwa na ulinzi wa bunduki. Katika nchi ya njia nyembamba na vichaka, anayejua nani amepita asubuhi, awi ipi imehama usiku, na vijana gani ni wageni mahali pale, ni mchungaji. Akiwa na sababu ya kutaka mgeni afike salama, habari zitafika. Akiwa hana, hakuna gari la kijeshi litakaloziba pengo hilo kwenye njia ambayo gari haliwezi kupita. Kumshirikisha mwenye njia ni haki, na pia ni mpango wa usalama wa gharama nafuu kuliko mingine yote.

Pingamizi la tatu ndilo linalonipa kazi zaidi, kwa kuwa linatoka kwa watu wenye nia njema. Linasema: Karamoja ni maskini kuliko maeneo mengine yote ya Uganda, kijana wa Moroto anahitaji kazi leo, ukianza na hati, kamati na kanuni, wageni watakwenda Rwanda, ambako michuano ya dunia ya baiskeli za barabarani ilifanyika Kigali mwezi Septemba 2025, na sisi tutabaki na makabati ya mafaili. Acha wageni waje, haki itafuata. Jibu langu la kwanza ni kwamba sheria ya kuanzia tayari ipo. Katiba ya 1995 inautambua umiliki wa kimila kama mmojawapo wa mifumo minne ya ardhi, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu jamii kuunda chama cha ardhi ya pamoja, kutenga sehemu za matumizi ya wote kama malisho na maji, na kuweka mpango wa kuzisimamia. Vyama vya aina hiyo vimekwisha kuundwa Karamoja. Kinachokosekana ni njia kuandikwa ndani ya mipango hiyo kama mali ya pamoja, yenye majira yake, ada yake na msimamizi wake. Kazi hiyo haihitaji Bunge kukaa upya. Inahitaji wapima ardhi, wakalimani wa Ng'akaramojong, na bajeti ambayo ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya kilomita chache za lami. Jibu la pili ni hiyo Rwanda yenyewe. Mwaka 2006, Mmarekani Tom Ritchey, mmoja wa waliozianzisha baiskeli za milimani, alisaidia kuandaa mashindano ambayo yalihusisha pia baiskeli za mbao za wanakijiji, na kutoka hapo zikatengenezwa baiskeli ndefu za kubebea kahawa kwa ajili ya wakulima. Miaka sita baadaye Adrien Niyonshuti aliiwakilisha Rwanda katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London. Njia ndefu ya kufika Kigali 2025 ilipitia mzigo wa mkulima, na mkulima hakuambiwa asubiri.

Bado kuna anayeuliza Kampala inaingia wapi, na kwa nini mwandishi wa mjini awapangie watu wa Moroto. Swali ni halali. Naandika kutoka Kampala kwa sababu barabara ile ya kilomita 450 ina pande mbili. Inampeleka mgeni na baiskeli yake Moroto, na inawaleta wanawake na watoto wa Napak, wilaya nyingine ya Karamoja, hadi mitaa ya Kisenyi na Katwe jijini, ambako huokota nafaka zilizomwagika na kuomba kwenye makutano ya barabara, hadi wanapokusanywa na kurudishwa kwao, kisha wanakuja tena. Jiji linalowaona watu hawa kila siku kwenye taa za barabarani, halafu linauza nchi yao kama mahali pasipo na mtu, haliwezi kusema suala hili haliwahusu wakazi wake. Sipendekezi Kampala iwachagulie Wamatheniko kama wanataka baiskeli au la. Napendekeza itimize sehemu yake: isajili ardhi ya pamoja, na iweke kwenye leseni ya kila kampuni ya utalii sharti la kuonyesha mkataba na wenye njia. Ofisi za utalii nazo ziache kuuza picha zilizofutwa watu. Baada ya hapo, wazee wa Rupa wakisema hapana, jibu liwe hapana.

Mkataba kama huo ungekuwa na mambo ya kawaida kabisa. Njia za kwenda visimani zisipitwe na baiskeli asubuhi mifugo inapokwenda kunywa, kwa sababu ng'ombe aliyeshtuka kwenye ukingo wa korongo huvunjika mguu, na mguu huo ni mahari ya mtu au ada ya shule. Mabonde ya udongo mweusi yafungwe mvua zikianza, maana alama ya gurudumu kwenye udongo uliolowa hugeuka mfereji, na mfereji hugeuka korongo baada ya misimu michache. Sehemu takatifu, zikiwemo zile za akiriket ambako wazee hukutana kwa ibada na maamuzi, zisionekane kwenye ramani za simu zinazogawiwa bure. Ada ilipwe kwa chama cha ardhi na itangazwe mbele ya watu kwenye mkutano. Ugumu wa kweli uko katika hilo la mwisho, kwa kuwa mara nyingi wanaume wenye mifugo mingi ndio wanaosikilizwa, ilhali wanawake ndio wanaozitumia njia hizo hizo kubeba kuni na maji, na mwanamke asiye na ng'ombe anaweza kukosa fungu hata pale ambapo chama kimeundwa kwa nia nzuri. Sharti la viti vya wanawake kwenye kamati halitoshi. Fedha zenyewe zigawanywe kwa kaya, si kwa idadi ya mifugo.

Na liko jambo ambalo mpango huu haulimalizi. Kiangazi kikizidi, Waturkana kutoka Kenya huingia Karamoja na mifugo yao kutafuta nyasi na maji, wakipita njia zizo hizo, kandokando ya Mlima Moroto. Septemba 2019 marais wa Uganda na Kenya walikutana Moroto na kutia saini makubaliano ya kushirikiana katika usalama na maendeleo ya mpakani, na mwaka 2023 serikali ya Uganda ilitoa amri kali dhidi ya Waturkana wenye silaha, ikihusisha amri hiyo na mauaji ya wale wataalamu. Mturkana si mwanachama wa chama chochote cha ardhi upande wa Uganda, hapigi kura Rupa, na mara nyingine ni adui wa jana. Ila naye ameikanyaga njia. Hati ikiandikwa kwa jina la Wamatheniko na Watepeth peke yao, utalii utakuwa umewapa sababu mpya ya kumzuia mwenzao asipite mwaka wa ukame, kwa kuwa sasa njia ina bei. Kwa hiyo haki ya kupita na mifugo wakati wa kiangazi iandikwe kwanza, juu ya ada na juu ya ratiba za wageni, na ikikataliwa na upande wowote, safari za baiskeli katika uwanda wa mpakani zisimame mpaka wakubaliane.